Sekunde Arobaini Ambazo Kamera Yangu Haikuziona

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Mkuu alinipa bisibisi na simu ya upepo iliyokufa, akanionyesha meza, akaenda zake kunywa chai. Nilikuwa msichana pekee katika karakana ile ndogo pale Mpanda, na nilikuwa nimevaa gauni la kwendea kanisani kwa sababu mama alisisitiza. Simu ya upepo, kwa nyie mliozaliwa na simu mfukoni, ni mtambo wa redio ambao misheni na vijiji vya mbali vilitumia kuongea na mjini. Nilifungua mfuniko, nikaona waya mmoja umeachia, nikafurahi. Fundi Mkuu aliporudi nikamwambia nimeshapata ubovu.

"Umejuaje?" akauliza.

"Nimeona waya umeachia, mzee."

"Umeupima?"

"Nimeuona kwa macho."

"Sijauliza habari za macho. Nimeuliza umeupima?"

Sikuwa nimeupima. Waya ulikuwa umeachia kweli, lakini ubovu ulikuwa kwingine kabisa, na nilikaa na mtambo ule siku tatu. Fundi Mkuu alishuku kila kitu. Betri mpya alizipima kabla ya kuzilipia, mizani ya muuza nyama aliitilia mashaka, hata saa ya ukutani aliilinganisha na ya redio kila asubuhi. Nilirithi ugonjwa wake, na sikuwahi kuutafutia dawa.

Miaka ikaenda. Simu za upepo zikafa, kompyuta zikaja, nami nikajifunza kompyuta. Kisha zikaja kamera, nikapelekwa Ikola, kule ziwani, kufunga kamera kwenye ghala la dagaa. Vifaa vilifika ndani ya boksi vikiwa tayari: kamera nne na kisanduku cha kurekodia, programu yake imefungwa humo humo, huwezi kuiona ilivyo. Unachomeka, inafanya kazi, unapigiwa makofi. Baada ya wiki mbili Msimamizi wa ghala akanipigia simu.

"Mama Fundi, bando langu linaliwa na nani? Nikiweka asubuhi, mchana limeisha!"

Nikarudi Ikola, nikakaa na kile kisanduku. Kila baada ya muda kilikuwa kinatuma kitu nje, kwenye anwani ya mtandao nisiyoijua. Ni kitu gani, sikuweza kujua, maana programu ilikuwa imefungwa. Nilimuuliza aliyetuuzia, akacheka, akasema hayo ni mambo ya kawaida. Sisemi kilikuwa kinaiba. Nasema tu kwamba mtu akicheka ninapomuuliza swali, siku hiyo silali vizuri. Nikakichomoa.

Ndivyo nilivyoingia kwenye programu huria. Hizi unapewa pamoja na msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe kama watengenezaji walivyoyaandika, na una ruhusa ya kuyasoma na kuyabadilisha. Unayapitisha kwenye kompaila, ambayo ni programu inayogeuza maandishi ya watu kuwa maagizo ya mashine. Kinachotoka unakisakinisha, yaani unakiweka mahali pake kwenye kompyuta ili kianze kazi. Wenzangu walikuwa wakishusha programu iliyokwisha kujengwa, dakika tano wamemaliza. Mimi nilijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo, siku nzima, wakati mwingine mbili. Walinicheka sana, nami nikawashuku kwa kunicheka.

Kazi yangu kubwa ya mwisho ya namna hiyo ilikuwa Majimoto. Chama kidogo cha wakulima wa mpunga, ambacho sitakitaja jina, kilitaka kamera barazani, mbele ya ghala lake. Meneja wa chama alikuwa mtu mpole, shati limenyooshwa, anayesema ahsante hata kabla hujafanya kitu. Nilimshuku tangu siku ya kwanza, lakini hilo lisiwashangaze, maana nilimshuku pia mlinzi na mama wa chai.

Msimbo niliushusha Mpanda, ambako mtandao ulikuwa na nguvu, nikauweka kwenye flashi. Kwanza nilihakiki faili. Watengenezaji hutoa msururu mrefu wa herufi na tarakimu unaotokana na faili lenyewe, na ikibadilika hata nukta moja humo ndani, msururu wote hubadilika. Niliulinganisha kwa kidole, herufi kwa herufi, mara mbili. Kisha nikasoma sehemu ya msimbo inayohusu mtandao, nione kama kuna kitu kinatumwa nje. Sikusoma mistari yote. Atakayekwambia amesoma yote, mwongezee chai aendelee kukuchekesha.

Nilipofika Majimoto nikaanza. Amri ya kwanza hukagua kama kompyuta ina maktaba zinazohitajika. Maktaba ni vipande vya programu za watu wengine ambavyo programu yako inaviazima, kwa mfano kile cha kusoma picha za video. Ikanigomea: maktaba moja haipo. Mtandao wa pale siku hiyo haukuwa unashika, kwa hiyo nikarudi Mpanda kwa basi, vumbi mpaka kwenye kope, kwa ajili ya faili moja dogo. Kesho yake nikarudi nalo. Meneja akanipokea kwa soda.

"Mama Fundi, si ungeweka tu ile ya kununua?"

"Ya kununua siijui tabia."

"Na hii unaijua?"

"Hii naijenga mwenyewe, Meneja."

Nilisema hivyo kwa majivuno, na sauti yangu ya siku ile bado naisikia.

Amri ya pili ndiyo inayojenga. Skrini ikajaa mistari inayokimbia, feni ya kompyuta ikalia, watu wa mizani ya mpunga wakaacha kazi wakaja kutazama. Katikati umeme ukakatika. Uliporudi, ujenzi ungeweza kuendelea pale ulipoishia, lakini mimi nikafuta kila kitu nikaanza upya, kwa sababu sikuviamini vile vipande vilivyokatishwa njiani. Saa nane mchana ikakamilika. Nikatoa amri ya tatu, ya kusakinisha, na picha ya baraza ikatokea: mlango wa ghala, kigoda cha Meneja, benchi la wakulima na kuku watatu.

Programu ile haikurekodi muda wote. Ilikuwa inalinganisha picha na picha. Ikiona kitu kimetikisika inaanza kurekodi, utulivu ukirudi inaacha papo hapo, ili diski isijae. Lakini mbele ya ghala la mpunga kuna punje zilizomwagika, na kuku na mbuzi wanazijua kuliko wenyewe. Diski ikajaa kuku ndani ya siku tano. Nikafungua msimbo, nikaongeza mistari yangu mwenyewe, nikaweka mpaka kwenye picha, usawa wa kiuno cha mtu mzima. Kitakachotikisika chini ya mpaka hakihesabiwi. Nikajenga upya, nikasakinisha, nikaacha mbuzi wapite, programu ikanyamaza. Nikapita mimi, ikarekodi. Watu wa mizani wakapiga makofi, na nilijiona fundi kweli kweli.

Sasa habari ya ufunguo. Chumba cha mbegu, ambacho mlango wake ulikuwa nyuma ya ghala ambako kamera haikufika, kilikuwa na kufuli moja na ufunguo mmoja. Siku za kazi ulikaa kwa Minza, karani wa mizani, binti wa familia ya Kisukuma iliyohamia huko na ng'ombe wao yeye akiwa bado mdogo. Kila Ijumaa alasiri, kabla ya kuondoka, alimkabidhi Meneja pale barazani, na Jumatatu Meneja alimrudishia. Hapakuwa na daftari la kusaini. Ilikuwa mkono kwa mkono, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeona shida.

Jumatatu moja wakakuta chumba hakina magunia kumi na mawili ya mbegu. Kufuli zima, mlango mzima. Ufunguo ulikuwa umetundikwa kwenye msumari ndani ya chumba cha mizani, mahali pa Minza. Minza akasema alimkabidhi Meneja Ijumaa. Meneja akasema, kwa upole wake ule ule, kwamba hakupewa, alidhani binti amesahau. Mvua zilikuwa zinakaribia na mbegu ile ilikuwa ya wakulima wote, kwa hiyo hasira haikuwa ya mchezo. Wanachama wengi walikuwa Wapimbwe, wenyeji wa pale, na maneno ya "hawa waliokuja na ng'ombe" yakaanza kupita barazani. Mwenyekiti wa chama akasema jambo litaamuliwa Alhamisi. Ikithibitika, Minza anapelekwa polisi. Mimi nikaitwa kutoka Mpanda, nije niseme kamera imeona nini.

Jumanne nilipofika nikakuta vipande viwili vya Ijumaa alasiri. Katika cha kwanza, Meneja yuko kwenye kigoda chake, Minza anakuja, ufunguo hauonekani mkononi, anafika mbele yake, kipande kinaisha. Katika cha pili, Minza anageuka na kuondoka, mikono mitupu. Kwa saa ya programu, kati ya kipande na kipande zilikosekana sekunde arobaini.

Nikasema moyoni, hapa kuna mkono wa mtu. Neno la siri la kompyuta tulikuwa nalo wawili tu, mimi na Meneja. Nikakagua kama kuna kipande kilichofutwa. Programu huvipa vipande namba za kufuatana, na namba zilifuatana. Tena huandika taarifa ya kila inachofanya, na taarifa ilisema imeacha kurekodi kwa sababu hakuna kilichotikisika. Basi hakuna aliyegusa. Nikamwondolea Meneja shaka, na shaka yangu, ambayo haijui kukaa bure, ikahamia kwa Minza. Nilijiambia kwamba ufunguo ungetolewa, mkono ungetikisika, na mkono ungetikisika, kamera ingeona. Na nikiri yote: yale maneno ya barazani nami yalikuwa yameniingia.

Jioni ile nikaiambia kamati, "Kamera haikuona ufunguo ukitolewa."

"Una hakika na kamera yako?" Mwenyekiti akauliza. Alikuwa mzee wa Kipimbwe, mkulima, msemaji wa taratibu.

"Nimeijenga mwenyewe, mzee. Haina siri kwangu."

Minza alikuwa kwenye benchi la nyuma. Hakulia. Alinitazama tu, nami nikajifanya nafunga nyaya zangu.

Jumatano mchana nilikaa barazani kwenye kigoda cha Meneja, kompyuta mpakato mapajani, niandike ripoti ya kesho yake. Ripoti haikuandikika. Sekunde arobaini zilikuwa zimenikwama kooni, maana watu wawili hawawezi kutulia tuli muda wote huo kama picha ya ukutani. Kwenye skrini nilikuwa nimefungua picha ya kamera moja kwa moja. Ikirekodi, nukta nyekundu inawaka pembeni. Minza akatokea upande wa mizani, nukta ikawaka. Akaja hadi mbele yangu, akapiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Minza."

"Mama, kesho wananipeleka. Mimi ufunguo nilimpa mkononi kabisa. Sijui nisemeje ili nyie mniamini. Nina mtoto ananyonya, mama. Nikilala ndani, nani atamnyonyesha?"

Nilitaka kumwambia kwamba si mimi, ni kamera. Nikashusha macho kwenye skrini ili nisimtazame usoni, na nikaona nukta nyekundu haipo. Minza alikuwa anaongea, mikono inakwenda, mabega yanatikisika, na programu yangu ilikuwa inasema barazani hakuna kitu.

"Minza, Ijumaa ulipompa Meneja ule ufunguo, ulikuwa umesimama?"

Akanishangaa. "Nimsimamie mtu mzima, mama? Nilipiga magoti. Nikamsalimia, akaniuliza habari za nyumbani, akauliza na ng'ombe, halafu nikampa kwa mikono miwili."

Nikafungua kipande cha pili, nikasimamisha picha ya kwanza kabisa. Minza hakuwa amesimama. Alikuwa ameinama nusu, anainuka kutoka chini. Jana yake niliitazama picha ile zaidi ya mara kumi nikadhani anaokota kitu.

Mimi mwenyewe ni Mkonongo, nimekuzwa kwa kupiga magoti. Mama alinifinya zaidi ya mara moja kwa kusalimia wazee nimesimama kama mti. Lakini kazini nilivaa suruali, nikapanda nguzo, mafundi wakanizoea, na magoti nikayaacha bila kukumbuka hata siku niliyoyaacha. Nilipoweka ule mpaka nilipima kwa mwili wangu mwenyewe, nimesimama; aliyekaa kwenye kigoda na aliyepiga magoti mbele yake wote walibaki chini ya mpaka. Nilimfikiria kuku, nikamfikiria mbuzi, hata mbwa wa mlinzi nilimfikiria. Mwanamke anayesalimia hakunijia kichwani kabisa. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona katika kazi yangu yote.

"Inuka, mwanangu," nikamwambia. "Inuka, kosa ni langu."

Alhamisi kamati ilipokaa nikaomba jambo moja kabla ya kusoma ripoti. Nikamwomba Mwenyekiti akae kwenye kile kigoda, wengine wasimame nyuma yangu, kando ambako kamera haifiki, watazame kompyuta. Nikampa Minza ufunguo, nikamwambia amkabidhi Mwenyekiti kama alivyozoea. Akaja, nukta ikawaka. Akapiga magoti, nukta ikazimika. Akamsalimia mzee, mzee akaitikia, akaulizwa hali ya mtoto, akatoa ufunguo kwa mikono miwili. Akainuka, nukta ikawaka tena. Kisha nikafungua kilichorekodiwa. Wote wakamwona Minza anakuja, wakamwona Minza anaondoka, mikono mitupu. Ufunguo haukuonekana popote, na Mwenyekiti alikuwa amekaa nao kiganjani.

Akautazama ufunguo, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo, Mama Fundi, tulitaka kumfunga binti wa watu kwa sababu ya kuku?"

"Ndiyo, mzee. Niliifundisha kamera isione kuku, ikawa haimwoni na anayepiga magoti."

Meneja akakohoa. "Samahani, wazee. Hilo bado halithibitishi kwamba mimi nilipewa."

"Halithibitishi," nikasema. "Wala halithibitishi kwamba hukupewa. Kamera haijui."

Hilo neno la mwisho lilikuwa gumu kutoka. Maisha yangu yote nililipwa ili nijue. Kamati ikakubaliana kwamba Minza arudi kwenye mizani yake, na kuanzia siku hiyo ufunguo ukawa unasainiwa mbele ya mtu wa tatu. Mbegu hazikupatikana, mwaka ule wakulima waliazimana walichonacho. Meneja aliondoka kabla ya mavuno, akisema amepata kazi kwingine, akatushukuru sana. Mpaka leo namshuku. Sina cha kuonyesha, kwa hiyo nasema namshuku na naishia hapo. Ule mpaka niliufuta kwenye msimbo, nikajenga upya, nikafunga diski kubwa zaidi, na mbuzi wa Majimoto sasa wamerekodiwa kuliko waziri yeyote.

Siku hizi nimestaafu, nakaa Kawajense, hapa Mpanda, na vijana wanakuja na kompyuta zao kuniuliza jinsi ya kujenga programu kutoka kwenye msimbo. Nawaonyesha bila uchoyo. Nawaambia wahakiki faili, wasome sehemu ya mtandao, wasikate tamaa maktaba inapokosekana. Hayo wanayaandika. Halafu nawaambia wakae kwanza mahali kamera itakapofungwa, watazame nani anapita na anapitaje, kutwa nzima. Hilo hawaliandiki, wanaona ni maneno ya uzee. Nami nawaelewa, kwa sababu miaka yote nilishuku mistari waliyoandika wageni nisiowajua, na ile michache niliyoiandika kwa mkono wangu sikuitilia shaka hata siku moja. Inaniuma bado. Sijui kama huwa inaacha kuuma.

Wiki ya mwisho kabla sijastaafu nilikwenda Majimoto kuaga. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Meneja mpya, mzee mwenye mvi, alikuwa amekaa kwenye kigoda, na shahidi wa kusaini pembeni yake. Minza akaja na ufunguo. Hakupiga magoti. Alisimama wima mbele ya mzee, akauinua ufunguo juu ya kichwa, akageuza uso kuitazama kamera, akabaki hivyo kwa muda. Ndipo akautoa, kwa mkono mmoja, akasalimia akiwa amesimama, akasaini. Wazee kwenye benchi wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti, makusudi asikike, kwamba binti huyu zamani alikuwa na adabu.

Nikamfuata kwenye mizani.

"Minza, ule mpaka niliutoa kitambo. Siku hizi inakuona hata ukipiga magoti."

Alikuwa anashona mdomo wa gunia, hakuinua kichwa.

"Nimesikia, mama," akasema. "Hata ile ya kwanza ulisema inaona."